Hukumu ya Paris ya Rubens: mchoro unausifu uzuri au unamshitaki hakimu?

Mchoraji wa Dunda (Bagamoyo) aliandika:

Wanajamvi, wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni mchoraji hapa Bagamoyo na kibanda changu hakiko mbali na Ngome Kongwe. Kazi ninazouza kwa kawaida ni majahazi, milango ya nakshi na wauza samaki, lakini mwezi uliopita mteja mmoja aliniachia nakala kubwa ya mchoro wa Peter Paul Rubens uitwao Hukumu ya Paris, ule uliopo National Gallery mjini London, akaniagiza nimchoree kisa hichohicho kana kwamba kimetokea pwani yetu. Malipo ya awali nimeshayapokea na nusu yake imeishia kwenye turubai na rangi za mafuta, kwa hiyo njia ya kurudi nyuma sina.

Kisa chenyewe nimekisoma. Eris, mungu wa ugomvi, hakualikwa kwenye harusi ya Peleus na Thetis, akarusha katikati ya wageni tufaha la dhahabu la kupewa aliye mzuri kuliko wote. Miungu watatu wa kike, Juno, Minerva na Venus, wakaligombania. Jupiter, mkuu wa miungu, akakwepa kuamua, akamtuma mjumbe wake Mercury awapeleke kwa Paris, kijana aliyekuwa akichunga mifugo mlima Ida, ingawa kwa damu alikuwa mwana wa mfalme wa mji wa Troy. Juno alimwahidi kijana huyo utawala, Minerva alimwahidi hekima na ushindi vitani, na Venus alimwahidi Helen, mwanamke mzuri kuliko wote duniani, ambaye tayari alikuwa mke wa mtu. Paris akampa Venus tufaha, na vita vya Troy vikaanzia hapo.

Ninachoshindwa ni kuusoma mchoro wenyewe. Nimeutundika ukutani wiki tatu na kila nikiutazama nabaki na maswali yaleyale. Ikiwa hoja ni uzuri, mbona wanawake wale watatu wanafanana kama watoto wa tumbo moja, mmoja ameonyesha mbele, mwingine ubavu na mwingine mgongo, na sioni hata mmoja aliyependelewa na brashi ya mchoraji? Tena juu mawinguni yuko mwanamke wa kutisha mwenye mwenge, na katika watu wote waliomo mchoroni hakuna anayemtazama. Je, ninaweza kumwacha nje bila kuharibu maana? Na mwisho ni suala la uchi. Kibanda changu kiko njiani, watoto wanapita wakitoka madrasa, nami sina nia ya kugombana na majirani zangu. Nawaomba wenye ujuzi wa mambo haya mnieleze ni kitu gani katika mchoro huu kisichoweza kuondolewa.

Mstaafu wa Chumbageni (Tanga) aliandika:

Marahaba, mwanangu. Nilifundisha fasihi kwa miaka mingi hapa Tanga, na kisa hiki nilikuwa nakitumia kila nilipotaka wanafunzi watofautishe kisasili na hekaya. Nianze na hilo la kufanana kwao, kwa sababu naona ulikuwa umeshalifikia jibu ukalikimbia. Hukuiona tofauti kwa kuwa Rubens hakuiweka. Ni kama mwili mmoja uliogeuzwa mara tatu, na ukiwaondolea vitu vyao, yaani bundi na ngao yenye kichwa cha Medusa upande wa Minerva, Cupid, mtoto wake, karibu na Venus, na tausi miguuni pa Juno, hakuna atakayethubutu kuapa kuwa huyu ni fulani na yule ni fulani.

Maana yake ni kwamba kijana huyu amepewa kesi isiyoamulika kwa macho. Anaponyosha mkono wenye tufaha, anachokipima ni ahadi aliyopewa, na miili iliyo mbele yake haina ushahidi wowote wa kumsaidia. Sisi Watanzania neno la jambo hilo tunalo. Mtakumbuka kwamba sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima, yaani wagombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Basi pale mlima Ida wagombea wote watatu walitoa takrima, akashinda yule ambaye takrima yake iliuchoma moyo wa kijana wa umri ule. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba hapa vyema vitatu vilijitembeza, na havikuwa na haja.

Yule wa mawinguni anaitwa Alecto, mmoja wa pepo watatu wa kike wa kisasi katika imani za kale za Wagiriki na Warumi. Usimwondoe, na ikiwa huwezi kumchora yeye, tafuta kitu cha kushika nafasi yake. Ili uuone uzito wake inakubidi uzitazame kazi nyingine za Rubens, kwa sababu mtu huyu hakuwa fundi wa kujifungia karakanani; alikuwa mjumbe wa kibalozi, na kati ya mwaka 1629 na 1630 alikuwa London akitafuta suluhu baina ya Uhispania na Uingereza. Hukohuko alimchorea Mfalme Charles wa Kwanza mchoro ambamo Minerva anamsukuma Mars, mungu wa vita, ili Amani, aliyechorwa kama mwanamke, aendelee kumpa mtoto maziwa. Mchoro wako wa Hukumu ulifuata, kati ya mwaka 1632 na 1635 hivi. Halafu karibu na mwaka 1638 akachora madhara ya vita, mchoro uliopo sasa Palazzo Pitti mjini Florence, na bahati yetu ni kwamba maana yake aliieleza mwenyewe katika barua kwa mchoraji mwenzake Justus Sustermans: Venus anajaribu kumzuia Mars kwa kumkumbatia lakini hafui dafu, kwa kuwa Alecto anamvuta mbele akiwa na mwenge mkononi, na yule mwanamke anayelia, aliyevaa nguo nyeusi na shela iliyoraruka, ni Ulaya.

Sasa ipange michoro hiyo mitatu sambamba. Katika mmoja Minerva anaweza kumfukuza Mars. Katika mwingine Venus amejaribu kumzuia akashindwa, na anayemshinda ni Alecto yuleyule wa mawinguni mwako. Katikati yake ndipo anapokaa Paris, akiwa na Minerva na Venus wote wawili mbele ya macho yake, na tufaha analitoa kwa asiyeweza kuzuia vita. Rubens aliishi Antwerp, katika nchi iliyokuwa vitani tangu kabla hajazaliwa, kwa hiyo sidhani kwamba Troy aliifikiria kama mji wa mbali.

Tazama pia chini, ambako wengi hawatazami: tausi wa Juno anamfokea mbwa wa Paris. Wakubwa bado wamesimama kwa adabu na utulivu, lakini wanyama wao wameshaanza ugomvi.

Kuhusu uchi, nikuambie jambo moja litakalokupa nafasi ya kupumua. Waliouchunguza mchoro huu chini ya rangi waligundua kuwa mwanzoni ulionyesha kitambo cha nyuma kidogo, Mercury akiwaamuru miungu hao wavue nguo na vitoto vyenye mabawa vikiwasaidia, kama alivyosimulia Lucian, mwandishi wa karne ya 2. Baadaye kitambo hicho kilibadilishwa, kikawa kile cha tufaha kutolewa. Kuvua kuliondolewa, kuamua kukawekwa. Kwa maoni yangu, basi, unaweza kuwavika hao wanawake watatu kanga kutoka kichwani hadi miguuni na maana isipungue hata chembe.

Binti Kaole (Bagamoyo) aliandika:

Mwalimu, shikamoo. Nimejifunza mengi katika maelezo yako, lakini nakuomba radhi nikupinge mahali pawili, maana naona umeugeuza mchoro ukawa hotuba, na Rubens hakuwa mtu wa kuhubiri bila kujihusisha.

Kwanza, usimfanye Paris kuwa mwenye hatia peke yake wakati mchoraji naye alikuwa amesimama mahali palepale. Desemba 1630 Rubens, mjane wa miaka 53, alimwoa Hélène Fourment aliyekuwa na miaka 16. Mwaka 1634, yaani katika miaka ileile ya mchoro huu, alimwandikia rafiki yake Peiresc kwamba watu wote walimshauri aoe katika nyumba za watawala, naye aliogopa majivuno ya watu hao, akachagua binti wa familia ya kawaida ambaye hangeona haya kumwona mumewe akishika brashi. Soma hapo kwa jicho la kisa chetu: aliwekewa Juno mbele yake, akamkataa, akaenda kwa Venus. Mtu aliyefanya uchaguzi huo na kuuandika kwa furaha hawezi kuwa anamlaani Paris kwa moyo mweupe. Zaidi ya hayo, alipokichora kisa hiki tena karibu na kifo chake, kwa ajili ya Mfalme Philip wa Nne wa Uhispania, katika mchoro mkubwa uliopo jumba la makumbusho la Prado mjini Madrid, ndugu yake mfalme, Kardinali Ferdinand, aliandika mwaka 1639 kwamba Venus wa katikati ni sura ya mke wa mchoraji, na akalalamika kuwa uchi umezidi. Kwa hiyo majirani wa madrasa unaowahofia, kaka yangu mchoraji, walikuwa na mwenzao hata kwenye kasri la kifalme.

Na jina la mke huyo ni Hélène, ambalo ni Helen yuleyule. Mzee huyu alimpa mtoa ahadi uso wa mwanamke ambaye jina lake ni la aliyeahidiwa. Mimi nikiuona mchoro wa Prado sioni mahubiri. Naona mtu anayejua bei ya kitu alichokichagua na bado hajutii.

Pili, uchi. Silaha za Minerva ziko chini, amezivua. Juno ameliachia joho lake zito la kitajiri. Kuvua kwao ni kuvua vyeo: wamekuja kwa kijana wa machungani bila jeshi na bila enzi, wasimame sawa mbele yake. Ukiwavika kanga tu na kuishia hapo, mwalimu, jambo hilo limekwenda. Ila halihitaji mwili mtupu. Mwanamke wa pwani anayetoka hadharani ana buibui, ana dhahabu, ana viatu vya kwendea shughuli. Mchore kila mmoja akiwa amevitua mchangani vile vinavyoonyesha yeye ni nani, abaki na kanga mbili kama mtu aliye uani kwake. Mtazamaji wa Bagamoyo atauelewa utupu huo mara moja, pengine kuliko anavyoelewa ule wa Rubens.

Kisha kuna mtego wa ndege. Kwetu bundi ni ndege wa uchawi na habari mbaya, na ukimweka mtini nyuma ya Minerva, watu wa hapa watasema huyo ndiye mchawi aliyeleta vita, kinyume kabisa cha maana yake. Tausi naye kwetu ndiye mfano wenyewe wa mwanamke mzuri, kwa hiyo atakayemwona tausi miguuni pa Juno atadhani tufaha limekwenda kwa mtu asiyestahili. Badilisha wote wawili.

Na la mwisho ndilo linalonikera tangu nilipokisikia kisa hiki mara ya kwanza. Helen hayumo mchoroni. Watatu wanashindana, mmoja anaamua, mwingine anasimamia, na anayetolewa zawadi hakuulizwa wala hakuitwa. Ninyi wawili mmeandika kurasa nzima na jina lake mkalipitia njiani tu.

Mpita Njia wa Pongwe (Tanga) aliandika:

Samahani kwa kuingilia kati kwa jambo dogo, lakini mchoraji asipoliangalia litamchekesha mtazamaji. Neno tufaha huku kwetu pwani humkumbusha mtu tunda lile jekundu, jepesi, lenye umbo la kengele, na wala si tunda la Ulaya ambalo sisi wa mkoa wa Tanga tunaletewa kutoka milima ya Lushoto. Mtu akichora tufaha letu likapakwa dhahabu, litaonekana kama taa ya harusi. Pendekezo langu ni komamanga. Linajaa kiganjani, lina taji yake lenyewe kichwani, na tangu zamani watu wa pwani wamelihusisha na uzuri.

Mchoraji wa Dunda aliandika:

Nawashukuru wote. Dada wa Kaole, nimesoma maneno yako ya mwisho nikanyamaza kwa muda, kwa sababu ni kweli kwamba katika wiki tatu zote za kuutazama mchoro sikuwahi kujiuliza yule aliyeahidiwa yuko wapi.

Nieleze na jambo la kiufundi ambalo huenda linamuunga mkono dada kuliko mwalimu. Jana nilijaribu kunakili mgongo wa Juno. Mimi nimezoea kupaka kivuli cha ngozi kwa kahawia, na kila nikipaka mgongo ulikuwa unakufa, ukawa kama ubao. Nilipoitazama nakala kwa makini nikagundua kuwa kivuli cha Rubens ni buluu iliyochanganyika na kijivu, na pembezoni mwake kuna wekundu mdogo, kana kwamba damu inapita chini ya ngozi. Kazi hiyo aliifanya juu ya ubao wa mwaloni unaokaribia mita mbili kwa upana, na hakuna mahali alipochoka. Mtu anayetaka tu kutuonya juu ya hatari ya uzuri angeweza kuokoa muda wake. Swali langu kwa mwalimu ni hili: unaweza kuushitaki uzuri huku ukiupaka kwa upendo kiasi hicho?

Mstaafu wa Chumbageni aliandika:

Mwanangu, na wewe binti yangu wa Kaole, nimewasoma mara mbili na sehemu fulani nimeshindwa, nakiri bila kinyongo. Barua ya Peiresc inanibana. Hata hivyo naomba tusichanganye chaguo la Rubens na la Paris kwa kuwa yote mawili yanamwelekea Venus. Hélène alikuwa binti asiye na mume, aliyeposwa na kuolewa mbele ya watu. Helen wa kisa alikuwa mke wa Menelaus, na Paris alimchukua kutoka nyumba iliyompokea kama mgeni. Venus anaweza kuwa mmoja na njia za kumfuata zikawa mbili. Nadhani mchoraji alizijua zote mbili, na ndiyo maana alikirudia kisa hiki tangu ujana wake hadi uzeeni bila kukimaliza.

Ushahidi wangu ni tofauti baina ya mchoro wa London na ule wa Prado. Katika ule wa London tufaha limeshanyoshwa kuelekea kwa Venus na Alecto ameshatokea. Katika ule wa Madrid, aliouchora mwishoni kabisa, Mercury bado ameshika tufaha, na Paris ameketi ameshika kidevu chake akiwaza, ingawa kitoto chenye mabawa kimeshaanza kumvika Venus taji la maua. Mzee aliyekuwa na miaka 60 na ushei, anayeumwa viungo vya mikono, alirudi akakisimamisha kisa kabla ya kosa, wakati ambapo bado inawezekana kijana akaamua vingine. Swali lako la upendo, basi, mimi ningelijibu kwa kusema kwamba anaupaka uzuri kwa upendo kwa sababu haushitaki. Anayeshitakiwa ni mkono ulioshika tufaha, na mkono huo ungeweza kuwa wake.

Suala la Helen kutokuwepo silijibu. Binti wa Kaole amelisema vizuri kuliko nitakavyoweza.

Binti Kaole aliandika:

Nakubali kuhusu mkono, mwalimu, na nashukuru. Komamanga pia nimelipenda.

Mchoraji wa Dunda aliandika:

Nimechora mchoro wa penseli usiku huu na nawaeleza nilikofikia, ili mwenye kusahihisha asahihishe kabla rangi haijaingia.

Mahali ni ufukweni, pale ambapo samaki hunadiwa asubuhi, na Paris ni kijana wa mnadani, kwa kuwa huyo ndiye ninayemjua kwetu anayekaa siku nzima akipokea ahadi za watu na kutaja mshindi. Komamanga liko mkononi mwake na mkono umenyoshwa nusu. Sijalifikisha kwa mtu. Wanawake watatu nitawachora kwa kumtazama mtu mmoja, dada yangu mdogo, ambaye amekubali kwa sharti kwamba nimlipe kama ninavyomlipa mtu baki. Kila mmoja atabaki na kanga, na mchangani mbele ya yule wa kwanza kuna dhahabu na buibui la hariri, mbele ya wa pili kuna kitabu na kisu cha ala, na mbele ya wa tatu kuna kikuba cha asumini na mtoto wake aliyelala. Bundi na tausi nimewatoa. Nimeweka paka wa sokoni na kunguru wanaogombania utumbo wa samaki, ili ule ugomvi wa chini aliouonyesha mwalimu usipotee.

Alecto amenisumbua zaidi, na nilimpata nilipoacha kumtafuta mawinguni. Upande wa juu kushoto, mbali kwenye mstari wa bahari, kuna jahazi dogo limepandisha tanga na linaondoka. Ndani yake yuko mtu mmoja aliyekaa, amefunikwa, haonekani uso. Hapa Bagamoyo sihitaji kumweleza mtu yeyote maana ya chombo kinachoondoka na mtu ambaye hakuulizwa. Nimelichora kwa ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, na kati ya watu wote waliopo ufukweni hakuna aliyegeuka kulitazama.

Kilichobaki ni mgongo wa yule mwenye dhahabu. Kesho naanza na buluu.